Kipengele Kinachokosekana Kwenye Risala

Mgeni rasmi akifika shuleni huku kwetu Kichiwa, mkoani Njombe, watoto ndio wanaompokea. Mwenyekiti wa kijiji hajasema neno, mwalimu mkuu hajafungua kitabu cha wageni, na kwaya imeshajipanga safu tatu, wafupi mbele, binti mwenye sauti kali ameshaanzisha wimbo. Wakimaliza, ngonjera. Ngonjera ikiisha, ngoma. Baridi ya Ubena ya mwezi wa sita inauma na masweta yamechakaa viwikoni, lakini watoto wanacheza mpaka vumbi linapanda. Mgeni hufurahi kwelikweli. Nimewaona wabunge na madiwani wakiinuka vitini kwenda kutunza, wakibandika noti kwenye vipaji vya nyuso za watoto, na wazazi wakipiga vigelegele.

Kisha inasomwa risala.

Aliyewahi kuishi kijijini anaijua. "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati. Matundu ya vyoo. Madawati. Nyumba za walimu. Uzio. Umeme au maji, na pengine vyote viwili. Orodha hiyo ni ya kweli na kila kilichomo kinahitajika. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kwenye mabenchi yale, kwanza kama mwalimu na sasa kama babu mwenye wajukuu darasani, sijapata kusikia risala iliyoomba mwalimu wa muziki, au ngoma za shule, au rangi na karatasi za kuchorea. Tunamwimbia mtunga sheria, tunamchezea, tunamghania mashairi. Tukipewa dakika tano za kumweleza shida zetu, sanaa hatuitaji hata kwa neno moja. Naye anaondoka akiamini kwamba upande huo mambo ni mazuri, kwa sababu ameona kwa macho yake watoto wanaimba vizuri.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Naamini chanzo chake ni kwamba tumezoea kudhani uimbaji wa mtoto huota wenyewe, kama uyoga wa masika. Kitu kinachoota chenyewe hakiombewi mbolea.

Lakini nyuma ya kila kwaya ya shule kuna mtu. Katika shule moja ninayoifahamu, mtu huyo ni mwalimu wa hisabati wa darasa la sita. Hakusomea muziki popote. Alijifunza sauti nne kwenye kwaya ya usharika akiwa msichana, kwa mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiandika do, re, mi ubaoni na kuwapigia kila sauti mpaka waishike. Hiyo ndiyo shule ya muziki ambayo Ubena imekuwa nayo kwa zaidi ya karne moja: Walutheri walioanza na wamisionari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, na Wakatoliki waliokuja na Wabenediktini. Tarumbeta za Kilutheri, kinanda cha kanisa, besi za wazee waliokesha kwenye mazoezi ya Krismasi. Wengi wetu tunaojua chochote kuhusu sauti tulikipata huko, na nalishukuru kanisa kwa moyo wote. Ila mtoto ambaye wazazi wake hawasali huko, au husali mahali pasipo na kwaya, amebaki nje.

Mwalimu huyo huwabakiza watoto baada ya saa tisa. Ngoma yake ni dumu la lita ishirini. Kayamba yake ni kopo lenye punje za mahindi. Nimemwona akimfundisha mtoto mwenye kigugumizi kuimba mistari miwili peke yake, polepole, kwa majuma, na siku mtoto yule alipoimba mbele ya shule nzima bila kukwama mama yake alikaa chini pale uwanjani akalia. Hakuna fomu ya serikali yenye mahali pa kuandika siku ile. Hakuna posho yake, hakuna kipindi chake kwenye ratiba, wala mkaguzi wa kumuuliza. Akihamishwa kesho, kwaya itakwenda naye. Nimeshaona hilo likitokea kwingine: mwalimu alipata uhamisho, na muhula uleule watoto wakaacha kuimba.

Hapa ndipo nilipopata somo la kwanza. Kitu tunachokipenda lakini tumekiegemeza kwenye hisani ya mtu mmoja, hatujakijenga bado. Nimeliona pia kwenye miradi ya maji, kwenye vikundi vya akina mama, hata ndani ya familia.

Wapo watakaosema kwamba kuomba muziki shuleni ni mambo mapya ya watu wa mjini. Wakumbuke historia. Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza. Katika hotuba ile, iliyokuwa na mambo mengi mazito ya nchi changa, alisimama kwenye ngoma. Alisikitika kwamba watu waliosoma walikuwa hodari wa kucheza rumba na chachacha huku wengi wao hawajapata hata kuisikia gombe sugu au lele mama, na akatangaza wizara ya utamaduni. Tazama alikolisemea jambo hilo: mbele ya wabunge. Hakuona kwamba ni dogo mno kwa Bunge.

Mbegu ile ilizaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa serikali unaoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Pale alifundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpiga zeze na ilimba aliyefikisha sauti ya kijiji chake kwenye majukwaa ya Ulaya. Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kimetoa walimu wa muziki na sanaa za ufundi. Baraza la Sanaa la Taifa lina sheria yake tangu 1984. Juu kule pamejengeka. Lakini kutoka Bagamoyo hadi darasa la tatu la Kichiwa ni mbali sana, na mshuko wa njia ile haujakamilika.

Tena tulipita kwenye kipindi kigumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo na sanaa ya shule yalisimamishwa kwa hoja kwamba yanawapotezea watoto muda wa masomo. Tuliokuwa walimu tunakumbuka ukimya wa viwanja vile. Mashindano yalirudi baadaye, na leo UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari zinawakutanisha watoto wa nchi nzima. Kipindi kile kilinifundisha kwamba kisichotetewa hufutwa kwa waraka mmoja, na kukirudisha huchukua miaka.

Sasa kuna nafasi ambayo hatukuwa nayo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, kwa kuanzia na awali, darasa la kwanza, la tatu, na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Ndani yake kuna somo la Sanaa na Michezo kwenye shule ya msingi. Kwa hiyo tukienda kwa mbunge hatumwombi jambo geni. Tunamwomba asimamie kile ambacho serikali yenyewe imeshakiandika. Somo liko kwenye mtaala, kinachohitajika ni anayelijua na vitu vya kulifundishia. Ombi hili ni jepesi kulitetea kuliko lile la kuanzisha jambo, nami nashangaa kwamba hatulitumii.

Kwa nini hatulitumii? Sababu moja ni kwamba hatujui nani ameshika nini. Mimi mwenyewe niliyapata maelezo yaliyonifungua kutoka kwa diwani mmoja wa upande huu wa Njombe, ambaye amekwishamaliza muda wake. Nilimfundisha darasa la nne, lakini barazani nilimwita Mheshimiwa kama wengine. Tulikutana stendi ya Makambako, upepo ukivuma kama kawaida ya mji ule, tukasalimiana kwa kamwene zetu, nikamweleza kwamba watoto wetu wanahitaji muziki.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya mwanafunzi. Kisha akasema, "Mwalimu, muziki mimi sina pa kuuandika. Niambie ni kitu gani, cha shule ipi, kwa shilingi ngapi. Na uniambie kama mwaka huu kikikosa, mwakani mtakuja tena, au mtakuwa mmeshanuna."

Akaendelea kunieleza, basi la Songea likipakia mizigo nyuma yetu. Mtaala na sera viko Wizara ya Elimu. Shule yenyewe, walimu wake na majengo yake viko chini ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Sanaa kama sanaa iko kwenye wizara ya utamaduni. Anayeomba "muziki shuleni" bila kutenganisha haya ataambiwa na kila mlango aende mlango wa pili, na kila mlango utakuwa umesema kweli. Diwani, ambaye naye ni mtunga sheria kwa kuwa baraza lake hutunga sheria ndogo, anaweza kupigania fungu kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: ngoma, kabati la kuzitunzia, siku chache za mafunzo kwa walimu. Hawezi kuajiri. Kibali cha ajira hutoka serikali kuu, na hapo ndipo mbunge anapohitajika. Mbunge anaweza kuuliza swali bungeni na kuliongezea maswali mawili ya nyongeza, waziri akajibu mbele ya nchi na jibu likaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Anaweza kusema kwenye mjadala wa bajeti ya Elimu, na tena kwenye ile ya TAMISEMI. Anaweza kuwasilisha maombi ya wananchi. Jimbo lake lina Mfuko wa Kuchochea Maendeleo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Na muswada ukifika kwenye kamati, wadau huitwa kutoa maoni, na mzazi wa Kichiwa ni mdau kama mdau yeyote.

Nilirudi nyumbani na maneno yale, nikayarudia kwa wenzangu wa kamati ya shule. Tukakaa na mwalimu wa kwaya. Kwa mara ya kwanza tukamuuliza anahitaji nini hasa, naye akatutajia bila kufikiri, kana kwamba alikuwa amebeba orodha ile kifuani siku zote: ngoma tatu za ukubwa tofauti, marimba moja, filimbi za watoto, madaftari ya nyimbo, na mtu wa kuja kuwafundisha walimu wenzake jinsi ya kuanza. Ngoma zenyewe, alisema, zinaweza kutengenezwa hapahapa, mafundi wapo. Kitu kilichokuwa hamu kikawa karatasi yenye mafungu.

Fedha zinazofika shuleni tunazijua. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo kuna sehemu ya vitabu. Kinachobaki kinagawanywa kwenye chaki, mitihani, ukarabati, utawala na michezo. Mwalimu mkuu aliyenunua mpira mmoja na kamba ya kuruka amejitahidi. Kumtaka anunue marimba kutoka fungu lile ni kumwonea. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la watunga bajeti, tusilibebeshe walimu.

Nisikwepe hoja ya vyoo, maana ndiyo inayotushinda kwenye mikutano. Mzee mmoja, mkulima wa parachichi na viazi, aliniuliza mbele ya watu: binti yangu akikosa choo anakaa nyumbani, akikosa marimba anakosa nini? Swali hilo lina haki yake. Binti asiye na choo cha staha hukosa masomo, na mtu anayesema sanaa itangulie hapo hajakaa na mabinti. Nilimjibu kwamba sitaki ngoma zichukue fedha ya choo. Nataka ziwepo kwenye orodha, hata kama ni za mwisho, kwa sababu kisichoandikwa hakina zamu. Vyoo vitajengwa, kwa neema ya Mungu na juhudi zetu. Vikishajengwa, kinachofuata kwenye karatasi ndicho kitakachofuata kwenye fedha. Na binti yule atakapofika shuleni kwa sababu choo kipo, afike mahali panapomfanya atake kubaki.

Iko pia hoja ya kazi, ambayo watunga sheria huisikia haraka. Takwimu za serikali zilionesha kwamba mwaka 2021 shughuli za sanaa na burudani zilikua kwa asilimia 19.4, na ndizo zilizoongoza kwa kasi ya ukuaji kati ya shughuli zote za uchumi. Ni sekta ndogo bado, na hatupaswi kumdanganya mtoto kwamba kila anayeimba atakula kwa kuimba. Lakini vijana wa Makambako wanaorekodi kwaya, wanaopiga picha za harusi, wanaofunga spika kwenye sherehe, wanaochora mabango ya maduka, wote wanaishi kwa ufundi ambao shule haikuwapa. Walijifunza kwa kuibia macho. Wangefundishwa mapema wangekuwa mbali zaidi.

Wenzetu wameliendea jambo hili kwa njia zao. Kenya wana tamasha la muziki la shule na vyuo tangu 1927, na washindi wake huimba mbele ya Rais. Kule Venezuela mwaka 1975 José Antonio Abreu, mchumi aliyewahi kuwa mbunge, alianza kukusanya vijana wachache kwenye gereji wapige muziki pamoja. Aliiombea kazi ile fedha za umma kama njia ya kulea watoto wa maskini, na serikali zilizopokezana zenye siasa tofauti kabisa ziliendelea kuigharamia. Mtu yule alijua bajeti ilivyo, na alijua kueleza muziki kwa maneno ambayo mwenye kalamu ya fedha anayaelewa. Hilo tunaweza kujifunza hata sisi tusio na gereji.

Na sisi tumekuwa na wasanii bungeni. Kapteni John Komba, mwalimu na mwimbaji wa Tanzania One Theatre, jirani yetu wa upande wa Ruvuma, alikuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015. Joseph Mbilinyi wa Mbeya Mjini, Joseph Haule wa Mikumi, Hamis Mwinjuma wa Muheza, wote waliingia Bungeni wakitokea kwenye muziki. Hili linanipa moyo, kwa kuwa linaonesha Watanzania wanamwamini msanii kwa mambo makubwa. Hata hivyo, mbunge msanii hawezi kulisemea darasa ambalo halijamfikishia neno, na mbunge asiyejua kushika ngoma anaweza kulisemea vizuri sana akipewa karatasi iliyonyooka. Nguvu ya jambo iko kwa wanaoomba. Wanasiasa wote wanajua thamani ya muziki, kwani hakuna kampeni iliyowahi kufanyika Njombe bila spika na waimbaji.

Nimejifunza pia kutenganisha zawadi na haki. Noti inayobandikwa kwenye paji la uso wa mtoto ni upendo, nami siidharau. Hununua soda na biskuti, na watoto wanafurahi siku ile. Lakini mheshimiwa akiondoka imeondoka naye. Mstari mmoja kwenye bajeti ya halmashauri, hata wa fedha kidogo, hubaki pale mheshimiwa akishindwa uchaguzi, mwalimu akihamishwa, na sisi wazee tukiwa tumeshazikwa. Tuwafundishe watoto wetu kuomba vya namna hiyo. Tuwafundishe na subira yake pia: kurudi na karatasi ileile bila hasira, kuuliza imefikia wapi, kushukuru kwa barua pale kidogo kinapopatikana. Wengi wetu huomba mara moja kwa kishindo kisha tukakata tamaa, na anayeombwa anajua hivyo.

Kwa hiyo namwomba mzazi anayesoma haya, awe Kichiwa, Mtwango, Lupembe au popote. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, halmashauri hupitisha makadirio yake mwanzoni mwa mwaka, na vijiji hukusanya vipaumbele kabla ya hapo. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusimama na kusema. Nenda kwenye mkutano wa robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, kati ya Oktoba na Desemba. Kabla ya kwenda, mtembelee mwalimu anayefundisha kwaya ya mwanao, muulize anahitaji nini na kinagharimu kiasi gani, uandike. Ukifika simama, kisome, na usikae mpaka umeona mtendaji amekiingiza kwenye muhtasari.